Sikukuu zetu zipimwe kwa ibada ya leo, si kwa asili inayodaiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie suala ambalo kila mwaka, Krismasi na Pasaka zinapokaribia, huwagawa waumini wa kanisa moja na hata watu wa nyumba moja: je, Mkristo anaruhusiwa kuadhimisha sikukuu ambayo inasemekana ilianza kwa wapagani? Naandika nikiwa muumini ninayeziadhimisha sikukuu hizo mbili kwa moyo wote, lakini ninaamini pia kwamba ndugu wanaozikataa wameshika jambo zito ambalo wengi wetu tunaosherehekea tumelipuuza. Msimamo wangu ni kwamba asili ya siku, hata ikithibitika, haitoshi kuiharamisha wala kuitakasa. La kuchunguzwa ni nani anayeabudiwa siku hiyo sasa, na kwa matendo gani.

Kabla ya kuyafikia Maandiko, historia yenyewe inahitaji kuwekwa sawa, maana sehemu kubwa ya mabishano haya imejengwa juu ya habari zinazopokelewa kwenye simu na kusambazwa bila mtu kuuliza zimetoka wapi. Tunaambiwa kwa uhakika kamili kwamba Desemba 25 ilikuwa siku ya kuzaliwa kwa mungu jua wa Warumi na kwamba Kanisa liliichukua kama ilivyo. Ni kweli kwamba Kaisari Aurelian aliipa ibada ya Jua Lisiloshindwa hadhi kubwa na kulijengea hekalu mjini Roma mwaka 274. Lakini andiko la kale kabisa tulilo nalo linaloonyesha Desemba 25 kuwa sikukuu ya huyo Asiyeshindwa ni kalenda ya Kirumi ya mwaka 354, na katika mkusanyo huo huo imo orodha ya Kikristo, ambayo wataalamu huiweka mwaka 336, inayotaja kwamba Kristo alizaliwa Bethlehemu tarehe hiyo hiyo. Kwa ushahidi wa maandishi, basi, hakuna anayeweza kusema kwa kiapo kwamba sikukuu moja ilimtangulia mwenzake. Saturnalia, sikukuu ya Warumi ya mungu Saturno, ambayo nayo hutajwa sana, ilianza Desemba 17 na hata iliporefushwa ilikwisha Desemba 23. Na kuhusu Mithra, mungu mwingine aliyeabudiwa katika dola ya Roma, hakuna maandishi ya kale yanayosema alizaliwa Desemba 25.

Ipo pia njia nyingine ya kuieleza tarehe hiyo, nayo haisikiki mitaani kwa sababu haina msisimko. Mwanzoni mwa karne ya 3, Tertuliano wa Karthago, mwandishi wa Kikristo, aliandika kwamba Bwana aliteswa Machi 25. Baadaye Agostino alieleza imani iliyokuwapo kwamba Kristo alitungwa mimba siku ileile ya mwaka aliyokuja kufa, na kwamba kutoka hapo hadi kuzaliwa kwake Desemba 25 ni miezi tisa kamili. Huko Mashariki, ambako baadhi ya Wakristo waliiweka Pasaka yao Aprili 6, sikukuu ya kudhihirishwa kwa Bwana ilikuwa Januari 6, yaani miezi tisa ileile. Hesabu hiyo inaweza kutuonekea ya ajabu sisi wa leo, wala sisemi kwamba inathibitisha siku halisi aliyozaliwa Mwokozi, kwa kuwa Injili zimenyamaza juu ya tarehe. Ninachosema ni kwamba watu waliohesabu hivyo walikuwa wakitafuta siku kwa kuanzia msalabani. Wapo wanahistoria makini wanaoendelea kuamini kwamba sherehe ya jua ilichangia, na mwandishi mmoja wa Kisiria wa karne ya 12 alidai hivyo waziwazi, ingawa aliandika zaidi ya miaka 700 baada ya tukio. Suala liko wazi bado miongoni mwa wanaolisoma kwa kina, na jambo lililo wazi namna hiyo halifai kutangazwa mimbarani kama hukumu iliyokwisha kutolewa.

Kuhusu Pasaka sitachukua muda mrefu, kwa sababu madai yenyewe hayana miguu. Inasemekana ni sikukuu ya Ishtar, mungu mke wa Babeli, au ya Eostre, mungu mke wa Waanglo-Saksoni, mababu wa Waingereza. Habari za Eostre tunazipata kwa mtawa Bede, aliyeandika mwaka 725 kwamba mwezi mmoja wa masika uliitwa kwa jina la mungu huyo, na kwamba Waingereza waliendelea kulitumia jina hilo kwa sikukuu mpya. Lakini Wakristo wa Asia Ndogo na wa Roma walikuwa wakiadhimisha Pasaka, na kubishana kuhusu siku yake, katikati ya karne ya 2, ilhali utume wa Kanisa la Roma kwa Waanglo-Saksoni ulifika Kent mwaka 597. Sikukuu haiwezi kuzaliwa na jina lililokuja kuipata miaka 400 na zaidi baadaye, tena katika lugha chache tu. Mayai nayo yana maelezo yasiyohitaji Babeli: kwa karne nyingi yalikatazwa wakati wa Kwaresima, kuku hawakuacha kutaga, na siku ya Pasaka watu waliyala kwa furaha. Aliyeeneza nadharia ya Babeli kuliko wote ni Alexander Hislop, mchungaji wa Uskoti wa karne ya 19. Mhubiri wa Marekani, Ralph Woodrow, aliyemfuata Hislop na kuandika kitabu kilichosomwa sana, baadaye alivichunguza vyanzo vyenyewe, akakiondoa kitabu chake mwenyewe katika mauzo, na mwaka 1997 akachapisha kingine cha kusahihisha. Ninamheshimu sana kwa hilo. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo inawahusu pia majirani waliokufa miaka 1,600 iliyopita.

Hata hivyo, nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo na kuwafanya wasomaji waamini kwamba hakuna chochote kilichotoka kwa wapagani. Mwaka 601 Papa Gregori Mkuu, ambaye majuma machache nyuma alikuwa amemhimiza Mfalme Ethelbert wa Kent abomoe mahekalu ya sanamu, alibadili ushauri wake na kumwandikia mmisionari Mellitus, aliyekuwa njiani kwenda Uingereza, kwamba mahekalu yaachwe, sanamu zilizomo ziharibiwe, majengo yanyunyiziwe maji yaliyobarikiwa na kuwekewa altare. Akaongeza kwamba, kwa kuwa watu wale walizoea kuchinja ng'ombe wengi kwa ajili ya mashetani, wapewe sikukuu badala yake, wachinje na kula kwa kumsifu Mungu. Barua hiyo haikufichwa. Bede ameinakili katika historia yake. Kwa hiyo anayesema Kanisa liliwahi kuzigeuza makusudi desturi za kipagani hasemi uongo. Tunabaki na swali halisi: je, Mungu anakubali kitu kilichogeuzwa namna hiyo?

Wanaokataa wana Andiko lenye nguvu, na mara nyingi tunaosherehekea tunaliruka. Katika Kumbukumbu la Torati 12:30 Israeli wanakatazwa kuuliza, "Mataifa haya waitumikiaje miungu yao? nami nifanye vivyo hivyo." Tena wanaweza kututajia ndama ya dhahabu, kwa sababu Haruni hakutangaza sikukuu ya mungu mgeni, alitangaza akisema, "Kesho itakuwa sikukuu kwa Bwana," na bado hasira ya Mungu iliwaka. Nia njema, basi, haikuiokoa sherehe ile. Hoja hii isijibiwe kwa kicheko wala kwa kusema kwamba siku hizi tuko chini ya neema.

Ninaijibu kwa kusoma aya inayofuata. Kumbukumbu 12:31 inaeleza kilichochukiza: mataifa yale yaliwateketeza wana wao na binti zao kwa moto kwa ajili ya miungu yao. Kinachokatazwa ni kumwendea Mungu wa kweli kwa matendo ya ibada ya sanamu, na ndama ilikuwa hivyo hasa, kwa kuwa watu walikuwa na sanamu mbele yao, wakaitolea sadaka. Siku yenyewe katika kalenda haikuwa dhambi yao. Tunaliona hilo katika sheria ileile ya Musa. Majirani wa Israeli waliuabudu mwezi, na bado Hesabu 28 inaagiza sadaka za kuteketezwa kila mwanzo wa mwezi. Walikuwa na sherehe za mavuno, na Israeli pia waliamriwa kufanya sikukuu wakati wa mavuno. Mungu hakuwaambia watu wake waukimbie mwandamo wa mwezi kwa sababu wengine waliusujudia, maana mwezi ni wake tangu siku ya nne ya uumbaji. Siku zote za mwaka nazo ni zake. Sidhani kuna tarehe hata moja ambayo, kwa karne zote na mataifa yote, haijawahi kutumiwa na mtu fulani kuabudu kitu kisicho Mungu, na kama tungetafuta siku isiyoguswa tungekosa hata siku ya kusali.

Lakini mfano unaonigusa kuliko yote ni wa Sikukuu ya Kutabaruku. Mwaka 167 kabla ya Kristo, mfalme Antioko Epifane wa Siria alilinajisi hekalu la Yerusalemu, na Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo kinaeleza kwamba tarehe 25 ya mwezi Kislevu dhabihu za kipagani zilitolewa juu ya madhabahu iliyosimamishwa pale. Miaka mitatu baadaye Yuda Makabayo na ndugu zake walipolitakasa hekalu, waliweka wakfu madhabahu mpya tarehe 25 Kislevu, na mwandishi anasisitiza kwamba ilikuwa siku ileile ambayo mataifa waliinajisi. Wakaamua siku hiyo iadhimishwe kila mwaka. Wakristo wengine wanakihesabu kitabu hicho katika Maandiko na wengine hawakihesabu, ila kama kumbukumbu ya historia hakuna anayekidharau. Ona, basi, mambo mawili. Tarehe iliyokuwa ya dhabihu za kipagani ilichaguliwa kwa makusudi kuwa ya Mungu, na sikukuu yenyewe haikuamriwa na Musa wala na nabii yeyote. Kisha fungua Yohana 10:22. Ni wakati wa baridi, ni Sikukuu ya Kutabaruku, na Yesu anatembea hekaluni katika ukumbi wa Sulemani. Aliyewafukuza wafanyabiashara hekaluni hakusema neno hata moja dhidi ya sikukuu hiyo. Sisemi kwamba kuwapo kwake pale ni amri kwetu tuwe na sikukuu nyingi, lakini ni vigumu sana, mbele ya aya hiyo, kushikilia kwamba siku iliyowahi kuguswa na upagani haiwezi kamwe kutolewa kwa Bwana.

Upande wa pili wa hoja ni mkali zaidi, nao unatuhusu sisi tunaosherehekea. Nyoka wa shaba alitengenezwa na Musa kwa agizo la Mungu mwenyewe, na waliomtazama walipona. Hakuna kitu chenye asili safi kuliko hicho. Vizazi vingi baadaye Waisraeli wakawa wanamfukizia uvumba, na mfalme Hezekia akamvunja vipandevipande, na 2 Wafalme 18 inamsifu kwa hilo. Isaya vilevile anazitaja sikukuu ambazo Mungu ndiye aliyeziamuru, kisha anamnukuu Mungu akisema, "nafsi yangu yazichukia," kwa sababu mikono ya walioziadhimisha ilijaa damu. Kama asili ingetosha kukitakasa kitu, nyoka yule angekuwa hekaluni hata mwisho wa ufalme, na sikukuu zile zingepokewa hata kama wajane walidhulumiwa. Kwa kipimo hicho, Krismasi ya mtu anayelewa usiku kucha, anayewapiga watu wa nyumbani kwake, anayekopa ili aonekane kuwa na kitu huku mzazi wake mzee hana dawa, imekwisha kuwa sikukuu ya kipagani, hata kama ingethibitishwa kesho kwamba Bwana alizaliwa Desemba 25 bila shaka yoyote. Siku hizi simjui mtu anayelisujudia Jua Lisiloshindwa. Fedha inasujudiwa, tena mchana kweupe, na wengi wanaoisujudia wako katika viti vya mbele.

Mababa wa Kanisa walilijua hilo. Katika karne ya 5, Papa Leo Mkuu aliwakemea Wakristo waliokuwa wakipanda ngazi za Kanisa la Mtakatifu Petro mjini Roma na, kabla ya kuingia, wakigeuka na kuliinamia jua linalochomoza. Ni katika hotuba yake ya Krismasi alipolisema hilo. Hakuifuta sikukuu kwa sababu yao, na hakulinyamazia kosa lao kwa ajili ya kuilinda sikukuu. Natamani wachungaji wetu wafanye yote mawili, kwa sababu wengi hufanya moja tu: au wanaipiga marufuku siku nzima, au wanaisifu siku nzima na kuyafumbia macho yanayotendeka humo.

Kwa kipimo hichohicho nitaligusa kwa ufupi suala la usiku wa Oktoba 31, unaoitwa Halloween. Usiku huo ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, ambayo ni ya Kikristo tangu karne ya 8 na 9. Anayeutumia kuwashukuru na kuwakumbuka waliotutangulia katika imani simlaumu. Lakini pale ambapo kilichobaki ni kuigiza mizimu na kucheza na uchawi, asili yake ya Kikristo haitusaidii, kama asili ya nyoka wa shaba ilivyoshindwa kumsaidia. Mimi siushiriki. Mti wa Krismasi ni kinyume chake: watu huunukulia Yeremia 10, panaposemwa juu ya mti unaokatwa mwituni na kupambwa kwa fedha na dhahabu, ilhali nabii anamzungumzia fundi anayechonga sanamu isiyoweza kusema wala kutembea, na desturi ya mti wa Krismasi ilianza kujulikana Ujerumani katika karne ya 16. Sioni dhambi katika mti ambao hakuna anayeuomba kitu. Sioni pia ulazima wake, na familia isiyokuwa nao haijapungukiwa na Injili.

Limebaki jambo la dhamiri, nalo ndilo lililonifanya hasa nichukue kalamu. Mtume Paulo alikutana na tatizo linalofanana sana na letu kuhusu nyama zilizouzwa sokoni, ambazo huenda zilitokana na dhabihu za sanamu. Aliwaambia Wakorintho wale "bila kuuliza-uliza, kwa ajili ya dhamiri," kwa kuwa dunia na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana. Lakini akaongeza kwamba mtu akisema wazi kuwa nyama hiyo imetolewa sadaka, wasiile, kwa ajili ya dhamiri ya huyo aliyesema. Vilevile alikataza kabisa kukaa kwenye meza ya mashetani. Yako hapo mambo matatu, na kila kundi kati yetu limezoea kuchukua moja na kuyaacha mawili. Kuhusu siku aliwaandikia Warumi kwamba mtu mmoja afanya tofauti kati ya siku na siku, mwingine aona siku zote kuwa sawasawa, na "kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe." Anayetoka katika ukoo ambao bado unafanya matambiko siku fulani ya mwaka ana sababu nzuri sana ya kuiogopa siku hiyo, na mimi nisiyekuwa na jeraha hilo sina haki ya kumwita dhaifu.

Kulazimishana kumeshajaribiwa. Mwaka 1647 Bunge la Uingereza, chini ya Wapuritani, yaani Waprotestanti wenye msimamo mkali, lilifuta Krismasi, Pasaka na Pentekoste, na Desemba ya mwaka huo ghasia zikazuka Canterbury. Koloni la Kiingereza la Massachusetts, huko Amerika, lilitunga sheria mwaka 1659 ya kumtoza faini ya shilingi 5 kila anayeonekana akiiadhimisha Krismasi, na sheria hiyo iliondolewa mwaka 1681. Upande wetu hatuna sheria za namna hiyo, lakini tuna ulazimishaji wa kimyakimya: binti anayeitwa mshirikina wa dini ngeni kwa sababu hakuja kwenye karamu, mwanakwaya anayevuliwa nafasi yake, mume na mke wanaonuniana Desemba nzima kwa sababu mmoja wao amesadiki kwamba Biblia haimruhusu. Kanisa la karne ya 2 lilikuwa na ugomvi mkubwa zaidi. Polikarpo, askofu wa Smirna katika Asia Ndogo, aliiadhimisha Pasaka kwa siku tofauti na Anicetus, askofu wa Roma, na alipomtembelea Roma hakuna aliyeweza kumshawishi mwenzake abadili. Ireneo, askofu wa karne hiyohiyo, anasimulia kwamba Anicetus, kwa heshima, alimwachia Polikarpo aiongoze Ekaristi katika kanisa lake, wakaagana kwa amani. Na wala hawakubishana juu ya mapambo. Walibishana juu ya siku ya kumkumbuka Bwana aliyesulubiwa na kufufuka.

Ninawaomba viongozi wa makanisa, kabla Desemba haijafika, watenge hata Jumapili moja ya kufundisha historia hii kwa ukweli wake wote, pamoja na sehemu zisizotupendeza. Nawe, Mhariri, ukiona inafaa, mkaribishe muumini asiyeziadhimisha sikukuu hizi aandike katika ukurasa huu kwa maneno yake mwenyewe, badala ya sisi kumsemea. Mimi ningependa hasa anijibu kuhusu Sikukuu ya Kutabaruku, na anieleze anavyomsoma Yesu akitembea katika ukumbi ule wa Sulemani.

Wako katika Kristo,
Msomaji wa gazeti lako